Kitanda Usichokilalia: Faraja ya Wenza katika The Cancer Journals na Bembea ya Maisha

Utangulizi

Nilipokuwa nikisahihisha Karatasi ya Tatu ya mtihani wa majaribio mwaka uliopita, nilikutana na jibu lililonitatiza. Swali lilimtaka mtahiniwa aeleze sifa za Dina katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne alitaja kwamba Dina ni mkarimu na mwenye utu, sawa na ilivyokuwa katika mwongozo wa kusahihisha. Kisha akaongeza sentensi mbili ambazo mwongozo haukuwa nazo. Alisema kwamba Dina anampikia Sara lakini hawezi kujua Sara anavyohisi usiku, na kwamba mgonjwa humhitaji pia mtu anayeugua kama yeye. Nilipiga mstari chini ya sentensi hizo, nikaandika "nje ya swali", nikaendelea na karatasi nyingine.

Wiki iliyofuata mwalimu wa darasa alinifahamisha kwamba mamake msichana huyo alikuwa ameondolewa titi kwa sababu ya saratani, na kwamba kila mwezi alikuwa akisafiri kwenda kukutana na wanawake wengine wa makamo walio katika hali kama yake. Alama sikuongeza, kwa maana mwongozo ni mwongozo. Hata hivyo, maneno yale hayakunitoka. Nilijiuliza iwapo kweli yalikuwa nje ya swali, au iwapo ni sisi walimu tuliozoea kulisoma neno "msaada" juu juu.

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo. Nitafanya hivyo kwa njia ya fasihi linganishi. Nitaanza na The Cancer Journals, kitabu cha Mmarekani Audre Lorde kilichochapishwa mwaka 1980, ambacho jina lake tunaweza kulifasiri kuwa shajara za saratani. Kisha nitarejea kwa Sara na Dina. Hoja yangu ni hii: faraja ya mwenza hupimwa kwa ukweli unaopita baina ya watu wawili walio sawa, si kwa utamu wa maneno yake. Mhakiki hana budi kumuuliza mfariji yeyote katika kazi ya fasihi maswali matatu: anajua nini, anasema nini, na ananyamazia nini.

Mwandishi na kitabu chake

Audre Lorde alizaliwa mwaka 1934 mtaani Harlem, jijini New York, kwa wazazi waliohamia huko kutoka visiwa vya Karibi. Alikuwa mshairi, mkutubi na baadaye mhadhiri. Alikuwa mwanamke mweusi katika nchi iliyowabagua weusi. Alikuwa mama wa watoto wawili, na mwenzake wa nyumbani alikuwa mwanamke aitwaye Frances. Msomaji anapaswa kuyafahamu haya yote kwa sababu ndiyo yanayoujenga mgogoro wa kitabu.

Mwaka 1977 Lorde alipatikana na uvimbe katika titi, ukachunguzwa na kuonekana kuwa hauna madhara. Mwezi wa Septemba mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 44, alipatikana na saratani katika titi la kulia, nalo likaondolewa kwa upasuaji. Mwaka 1984 iligunduliwa kwamba saratani ilikuwa imesambaa hadi kwenye ini. Aliendelea kuandika na kusafiri hadi alipofariki mwaka 1992.

Kwa upande wa muundo, kitabu chenyewe ni kifupi. Kina utangulizi na sura tatu. Sura ya kwanza ni hotuba aliyoitoa mwaka 1977 juu ya haja ya kugeuza kimya kuwa lugha na vitendo. Sura ya pili inasimulia upasuaji na siku zilizoufuata. Sura ya tatu ni hoja ya kisiasa dhidi ya shinikizo la kuvaa titi bandia. Baina ya masimulizi na hoja mwandishi amechopeka vipande vya shajara yake vyenye tarehe. Kwa hiyo tuna sauti mbili za mtu mmoja: ile ya mgonjwa anayelia leo, na ile ya mhakiki anayekitafakari kilio hicho baada ya miezi kadhaa. Mwalimu anayefundisha mbinu ya shajara katika riwaya atapata hapa mfano mzuri wa jinsi mbinu hiyo inavyoweza kumweka msomaji karibu na maumivu huku ikimpa pia nafasi ya kufikiri.

Tukio la mgeni wa wodini

Tukio linalotuhusu zaidi linapatikana katika sura ya pili na kurejelewa katika ya tatu. Siku chache baada ya upasuaji, Lorde anapata mgeni wodini. Ni mwanamke wa makamo, mkunjufu, aliyewahi kufanyiwa upasuaji kama ule ule. Ametumwa na mpango unaojulikana kama Reach to Recovery.

Historia ya mpango huu ina umuhimu wake. Ulianzishwa jijini New York na Terese Lasser, mwanamke aliyeondolewa titi mwaka 1952, akaona kwamba hakuna aliyemwambia namna ya kuishi baada ya hapo. Madaktari walikuwa wamemaliza kazi yao. Namna ya kuinua mkono, namna ya kuvaa na namna ya kurudi nyumbani vilikuwa vimeachiwa mgonjwa mwenyewe. Lasser akaanza kuwatembelea wagonjwa wodini. Mwaka 1969 mpango huo ulichukuliwa na Shirika la Saratani la Marekani na kuenezwa. Wazo lake la msingi ndilo linalobebwa na methali yetu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyelala kitanda hicho ndiye apewe nafasi ya kuzungumza na anayekilalia sasa.

Basi mgeni huyu anatimiza sharti la kwanza la faraja ya wenza, kwani amepitia. Anakuja na sidiria laini na kifurushi cha sufi chenye umbo la titi, rangi yake waridi iliyofifia. Ujumbe wake ni kwamba Lorde yu mzima kama alivyokuwa, kwa kuwa anaweza kuonekana kama alivyokuwa. Ili kuthibitisha, anajinyoosha mbele yake na kumtaka akisie ni titi lipi kati ya mawili lililo la bandia.

Hapa pana kinaya kikali. Mgeni anatarajia Lorde ashindwe kukisia kwa sababu titi la bandia limefanana mno na la kweli. Lorde anashindwa kweli, lakini kwa sababu nyingine kabisa: katika vazi lile la kubana, matiti yote mawili yanamwonekania kuwa ya bandia. Kitu kilichokusudiwa kuificha hasara kimeufanya hata mwili uliobaki uonekane si wa kweli. Mwandishi hamdhihaki mgeni. Anakiri kwamba alikuwa mtu mwema na wa kustahiwa. Anachosema ni kwamba mwanamke yule hakuyagusa maswali aliyokuwa nayo yeye.

Maswali hayo ni yapi? Lorde alitaka kujua uwezekano wa ugonjwa kurudi. Alimfikiria binti yake na hatari inayoweza kumkabili. Alitamani kukaa na mwanamke anayeishi kama yeye, ili mazungumzo yaanzie kwenye lugha wanayoielewa wote wawili. Mgeni naye alizungumza kana kwamba hofu kuu ya kila mgonjwa ni macho ya wanaume. Mgeni alipoondoka, Lorde aliijaribu ile sufi. Ilikaa upogo kifuani, haina uhai, na rangi yake haikuwa ya ngozi yake.

Rangi ile ni ishara ambayo msomaji hafai kuipita. Waliotengeneza kile kifurushi walikuwa na mgonjwa fulani akilini, naye alikuwa mweupe. Hakuna aliyemtukana Lorde wala kumfukuza. Kitu kidogo cha sufi kilitosha kumwonyesha kwamba hakutarajiwa pale.

Muuguzi, jicho la jenerali na kimya

Siku kumi hivi baada ya upasuaji, Lorde alikwenda kwa daktari wake kutolewa nyuzi. Alikuwa amejipamba na kujisikia vizuri. Muuguzi alimtazama, akamwambia kwamba hajavaa titi bandia, na kwamba kutolivaa kunaivunja moyo hali ya wengine katika ofisi ile.

Lorde anaikuza athari ya tukio hili kwa tabaini. Anamtaja Moshe Dayan, waziri wa Israeli wa wakati huo, aliyepoteza jicho vitani na kuvaa kitambaa cheusi juu yake mbele ya dunia nzima. Hakuna aliyemwambia Dayan atie jicho la kioo ili asiwavunje watu moyo. Kovu lake lilisomwa kuwa ushahidi wa ushujaa. Kovu la mwanamke linasomwa kuwa aibu inayopaswa kusitiriwa. Mtahiniwa aliyezoea maswali ya nafasi ya mwanamke katika jamii ataona kwamba hoja hii haihitaji maelezo marefu.

Hata hivyo, tukiishia kwenye suala la jinsia tutakuwa tumeliacha jambo lililo zito zaidi. Fikiria chumba kile cha kusubiria. Pengine wamo wanawake watano, na wanne kati yao wameondolewa titi. Kila mmoja amelificha kovu lake vizuri, na kila mmoja anadhani yu peke yake. Hii ndiyo shutuma kuu ya Lorde dhidi ya uficho: unawaficha wagonjwa wenyewe kwa wenyewe kabla hata ya kuwaficha kwa macho ya watu wengine. Wasiojuana hawawezi kusaidiana, na wasiosaidiana hawawezi kudai lolote kwa pamoja. Wahenga wetu wamesema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kwa kawaida tunaifundisha methali hii tukimlenga mgonjwa anayekataa kwenda hospitalini. Lorde anatuonyesha kwamba maradhi yaweza kuwa yamegunduliwa na kutibiwa, na bado mgonjwa akaamriwa na jamii ayafiche.

Jazanda ya jeshi

Dhidi ya upweke huo mwandishi anaweka picha mbili za umoja. Ya kwanza ni halisi: wanawake waliomzunguka, Frances akiwa miongoni mwao. Walimlisha, walikaa naye, walimshika mkono. Wengi wao hawakuwa wagonjwa wa saratani. Mwandishi hawadharau kwa hilo, bali anautaja upendo wao kuwa sehemu ya kupona kwake.

Picha ya pili ni jazanda. Lorde anawakumbuka wanawake wapiganaji wa Dahomey, ufalme uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Benin. Jeshi la wanawake la Dahomey lilikuwapo kweli katika historia. Yale masimulizi ya mashujaa wa kike walioliondoa titi moja ili wauvute upinde vizuri ni ngano, nayo mwandishi anaitumia kama ngano. Anajiuliza ingekuwaje kama jeshi la wanawake wenye titi moja moja lingeshuka kwenye bunge la Marekani kudai kwamba homoni zinazosababisha saratani zipigwe marufuku katika lishe ya ng'ombe.

Jazanda hii ina kazi mbili. Kwanza, inaligeuza kovu kutoka alama ya kupungukiwa kuwa sare ya jeshi. Pili, inapanua maana ya kusaidiana. Wagonjwa wanaokutana ili kufutana machozi wanafanya jambo jema. Wagonjwa wanaokutana na kuuliza kwa nini wanaugua, nani anafaidika na nani hatibiwi, wanafanya jambo la hatari zaidi kwa wenye mamlaka. Lorde alilitafuta kundi la aina ya pili, na kwa kiasi fulani aliliandikia kitabu kabla halijakuwapo.

Upande wa pili wa hoja

Mhakiki si wakili wa mwandishi. Yafaa tuulize iwapo Lorde amemtendea haki yule mgeni wa wodini.

Mwanzo, mgeni alileta kitu ambacho hakikuwa kwenye kifurushi, nacho ni yeye mwenyewe. Mwanamke aliyetoka upasuaji akiwa hajui kama ataishi alimwona mwanamke mwingine akiwa hai na akitembea, miaka kadhaa baada ya kisu kile kile. Aisifuye mvua imemnyea. Kuna wagonjwa wengi ambao kuonekana kwa mtu huyo tu kungekuwa dawa, hata kama maneno yake yangewapita.

Aidha, titi bandia halina maana moja. Jijini Nairobi wapo wanawake walioonja maradhi haya ambao hufuma kwa mkono matiti ya uzi wa pamba na kuwapa wenzao walioondolewa matiti. Kwa mtazamo wa haraka mtu angesema hicho ndicho kile kile alichokikataa Lorde. Sidhani. Ishara hupata maana kutokana na muktadha wake. Kifurushi cha wodini kilikuja kikiwa na amri ya kunyamaza. Cha uzi kinatoka mkononi mwa aliyepitia, mara nyingi katika kikao ambamo jambo lenyewe limezungumzwa waziwazi. Anayekipokea anaweza kukivaa kwenda kanisani, msikitini au sokoni, na kukivua mbele ya wenzake. Uamuzi ni wake. Lorde mwenyewe anasema hakusudii kuwahukumu wanawake waliochagua kuvaa. Alichokipinga ni chaguo linalotolewa kabla mwanamke hajapewa nafasi ya kulia.

Jambo la tatu ni kuhusu nguvu halisi ya faraja. Mwaka 1989 David Spiegel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wanawake 86 waliokuwa na saratani ya matiti iliyosambaa. Walioshiriki vikao vya kila wiki walionekana kuishi karibu mara mbili ya muda wa wale wasioshiriki. Habari hiyo ilienea haraka na watu wengi wakaishika kama ahadi. Mwaka 2001 Pamela Goodwin na wenzake nchini Kanada walitoa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 235. Vikao havikurefusha maisha. Hata hivyo, viliwapunguzia wanawake maumivu na huzuni, hasa wale waliokuwa wameelemewa zaidi mwanzoni. Ukweli huu haumharibii Lorde hoja yake. Yeye hakudai popote kwamba kuzungumza kunaua saratani. Alidai kwamba kimya hakimlindi mtu, na hilo ni jambo tofauti. Mwalimu amkinge mwanafunzi na kauli za kupita kiasi, kama vile kudai kwamba mhusika fulani alipona kwa sababu ya mapenzi ya rafikiye, wakati matini hayasemi hivyo.

Turejee kwa Sara na Dina

Tukiwa na maswali yetu matatu mkononi, sasa tunaweza kurudi kwenye Bembea ya Maisha. Ugonjwa wa Sara ni wa moyo, si saratani, na ni sharti tofauti hiyo itajwe. Hata hivyo, mazingira yake yanafanana na ya wanawake wengi wa makamo nchini wanaougua saratani: mwili hauna nguvu, nyumba inatarajia huduma zile zile, na matibabu yako mbali, mjini, ambako bintiye Neema ndiye anayetarajiwa kuubeba mzigo.

Dina anajua nini? Anajua jiko. Anajua jamii yao inamtarajia mke apike hata anapougua, na kwamba Sara hawezi. Kwa hiyo anamsaidia kupika. Msaada wake ni wa vitendo, nao unaonekana kwa macho. Tukiulinganisha na wa mgeni wa Lorde tunapata tofauti ya kuvutia. Mgeni wa Lorde amepitia maradhi yenyewe lakini hayagusi maisha ya mgonjwa. Dina hajapitia maradhi yenyewe lakini anayagusa maisha ya mgonjwa pale yanapouma. Mmoja ana ujuzi wa kidonda, mwingine ana ujuzi wa nyumba.

Hili linatufikisha kwenye mpaka wa Dina. Yale ambayo Sara anayajua peke yake, yaani hofu ya moyo unaokwenda mbio usiku na wasiwasi wa kuwa mzigo kwa bintiye, hana katika tamthilia mwenzake wa ugonjwa wa kuyaweka mbele yake. Amezungukwa na watu: mume, mabinti, jirani, madaktari. Kila mmoja wao anamtazama kutoka nje ya ugonjwa. Upweke wa Sara ni wa aina hiyo, na ni rahisi kuukosa kwa sababu jukwaani hayuko peke yake.

Je, huu ni udhaifu wa tamthilia? Kwa maoni yangu, la. Mtunzi anasawiri kijiji na mji kama vilivyo, na katika jamii zetu wagonjwa wengi bado hawana kikao cha wenzao. Tuna harambee ya kulipa bili, tuna jirani wa kuleta chakula, tuna maombi. Haya ni makubwa na hatuna haja ya kuyaonea haya. Tunachokosa mara nyingi ni mahali ambapo mgonjwa anaweza kumwambia mgonjwa mwenzake jambo asilotaka watoto wake walisikie. Vituo kama Faraja Cancer Support Trust, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 2010, vimekuja kuziba pengo hilo, lakini aliye mbali na jiji hana budi kulipa nauli ili akae saa mbili na wanaomwelewa. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, takribani wanawake 6,800 nchini Kenya walipatikana na saratani ya matiti katika mwaka huo mmoja. Katika shule yoyote ya wanafunzi mia kadhaa, mwalimu achukulie kwamba baadhi ya wanaomsikiliza wana mama, shangazi au nyanya mwenye maradhi haya.

Nyenzo za darasani

Kwanza, mwalimu amfunze mtahiniwa kuigeuza sifa kuwa hoja. "Dina ni mkarimu" ni sifa. "Ukarimu wa Dina unaonyesha kwamba jamii ya Sara inaweza kuubeba mzigo wa kazi yake lakini haina namna ya kuubeba mzigo wa hofu yake" ni hoja. Mtahiniwa atoe sifa, athibitishe kwa tukio, kisha aeleze athari yake. Iwapo swali linadai sifa pekee, aweke athari katika sentensi hiyo hiyo ya uthibitisho ili isionekane kuwa imetoka nje.

Pili, vikao vya wagonjwa ni uwanja wa fasihi simulizi. Mwanamke anaposimama mbele ya wenzake na kusimulia siku alipouhisi uvimbe akioga, siku alipoambiwa, siku nywele zilipomtoka kwa sababu ya kemo, anatoa ushuhuda. Huo ni utendaji. Pana fanani, pana hadhira inayoitikia, pana wimbo katikati, pana hata ucheshi ambao mtu wa nje angeogopa kuucheka. Wakati mwingine fanani na hadhira hubadilishana nafasi katika kikao kimoja, jambo tunalolitaja darasani kuwa sifa ya fasihi simulizi bila kuwapa wanafunzi mfano ulio hai.

Tatu, mwanafunzi anayetaka kukusanya masimulizi ya aina hii akumbuke maadili ya utafiti nyanjani. Aombe idhini. Asirekodi kwa siri. Asitaje jina la msimulizi. Akikataliwa, aondoke kwa heshima, kwani habari ya kovu ni mali ya mwenye kovu.

Nne, na hili nawaambia walimu wenzangu, tuchunge kauli zetu. Tunapofundisha tamthilia yenye mgonjwa, tusiseme "saratani ni kifo" ili kuwachangamsha wanafunzi wa nyuma. Hatujui ni nani kati yao aliyemwacha mama kitandani asubuhi hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba The Cancer Journals haikatai faraja. Inaihakiki. Inamwonyesha mfariji aliyepitia yote na bado hakuujua moyo wa aliyemfariji, kwa kuwa alitumwa na ujumbe uliokwisha kuandikwa. Tumeona pia kwamba Dina, kwa sufuria na jiko lake, anatimiza jambo ambalo mgeni yule hakulitimiza, huku naye akiishia kwenye mpaka ambao utu peke yake hauwezi kuuvuka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini si kila rafiki ni mwenza wa maradhi, na mgonjwa anawahitaji wote wawili.

Karatasi ya yule msichana ningali nayo, kwa kuwa niliomba nakala. Leo nisingeandika "nje ya swali". Ningeandika: "Hoja nzuri. Ithibitishe kwa tukio katika tamthilia." Hivyo ndivyo mwalimu anavyopaswa kumwambia mhakiki, naye alikuwa mhakiki kabla yangu mimi katika jambo hili.

Maswali ya marudio

1. "Sara amezungukwa na watu lakini yu mpweke." Jadili ukweli wa kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (alama 20)
2. Eleza umuhimu wa mhusika Dina katika kuendeleza maudhui ya utu, kisha ubainishe mpaka wa msaada wake. (alama 10)
3. Kwa kutoa mifano, fafanua jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuwa ishara yenye maana mbili zinazopingana katika miktadha miwili tofauti. (alama 10)
4. Wewe ni mtafiti unayekusudia kukusanya shuhuda za wanawake wanaougua. Eleza hatua utakazochukua kuzilinda haki za wasimulizi wako. (alama 10)